Dresa Aliyetutembeza

Alikuwa akimtazama mtu miguu kwanza, uso baadaye. Uwe umeingia wodini kwake ukipiga kelele, ukicheka peke yako au ukiwa kimya kabisa, yeye alichuchumaa, akatazama nyayo zako, visigino na katikati ya vidole, ndipo akainua kichwa na kukusalimu. Wengi waliona ni dharau. Mimi, siku yangu ya kwanza, nilidhani anatafuta mahali pa kunitia mnyororo.

Tulimwita Dresa. Siku zile dresa alikuwa mtu wa kusafisha vidonda, kuchoma sindano na kugawa dawa chini ya daktari, na hospitali ile ya Mwanza, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa nao kadhaa. Lakini ukisema "Dresa" tu, bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa wodi ya mwisho, jengo la mawe lililojitenga nyuma ya hospitali, chini ya mwamba, walikowekwa wagonjwa wa akili. Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwao sikuwahi kufika, na habari za wazazi wake hakuwahi kunipa. Ninayoyajua ni haya.

Mimi nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, miaka michache kabla ya uhuru. Nilianza kwa kukosa usingizi. Kisha mashine zikaanza kunisema. Zilitaja jina langu na kuwaambia wenzangu mambo ambayo sikuwa nimeyafanya. Asubuhi moja nikatoka kazini nikaingia ziwani na nguo zangu zote, na viatu, na kofia kichwani, ili nisizisikie. Wavuvi wakanitoa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa fundi bati mjini, akasaidiana na majirani kunifunga kamba, na walipochoka kunilinda wakanileta kwa Dresa.

"Mfungue," Dresa alimwambia kaka.

"Mzee, nikimfungua atakimbia."

"Mara ya mwisho alikimbia lini?"

Kaka akafikiri. "Hajakimbia. Tumemfunga."

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

Dresa akamwonyesha vifundo vya miguu yangu, pale kamba ilipokuwa imekula ngozi. "Alikuwa anaumwa akili tu. Sasa anaumwa na miguu. Kazi yangu umeifanya kuwa mbili. Fungua, halafu kalete maji ya moto."

Kaka yangu, mtu mzima mwenye wake na watoto, akaenda kuleta maji ya moto. Ndivyo alivyokuwa Dresa. Kwa mgonjwa alikuwa na subira isiyo na mwisho. Mgonjwa angeweza kumtukana mama yake asubuhi hadi jioni naye akaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akimkata kucha. Lakini mtu mzima wa akili akichelewa kuleta ndoo, alisikia maneno ambayo hatayasahau. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikuwa mkali hivyo kwa ndugu zetu, alinijibu kwamba ninyi mna sababu, wao wana uvivu tu. Halikuwa jibu la haki. Kaka yangu hakuwa mvivu, alikuwa ameogopa. Lakini Dresa hakuwahi kulibadilisha.

Mhudumu mmoja wa zamani alinisimulia jinsi wodi ile ilivyokuwa kabla yake. Wagonjwa walikunywa uji asubuhi, wakakaa chini kuuegemea ukuta, na jioni waliingizwa ndani. Basi. Siku, mwezi, mwaka. Ukutani palikuwa na alama nyeusi za migongo, moja kando ya nyingine, na kila mtu alikuwa na yake. Mtu alipofariki, daftarini iliandikwa kwamba alikuwa mwendawazimu, kana kwamba hiyo ndiyo sababu. Dresa alipofika akaanza kuuliza maswali yaliyowaudhi wakubwa zake. Alisema hajamwona hata mmoja aliyeuawa na wazimu. Walikuwa wanakufa kwa vifua, kwa vidonda vya miguu, kwa upungufu wa damu, kwa meno yaliyooza mpaka taya likavimba. Walikuwa wanakufa kwa magonjwa ya watu wote, ila wao hakuna aliyewatazama.

Ndipo akaanza kuwatembeza.

Kila asubuhi baada ya uji tulipangwa wawili wawili, na hatukufungwa kamba. Yule mwenye mbio alipewa mwenzake mzito, ili mmoja amvute na mwingine amzuie. Tuliteremka kwa njia ya maghala ya pamba mpaka ufukweni, tukapita walipokuwa kina mama wanaanika dagaa mchangani, tukaenda mpaka kwenye mawe makubwa yaliyoingia majini, tukarudi kwa njia ya juu. Mimi siku ya kwanza nilifika mlangoni tu. Siku ya pili nikafika kwenye mti wa kwanza nikakaa chini, na Dresa akakaa nami, akawaacha wengine watangulie na mhudumu.

"Mashine zinasema nini?" akaniuliza.

Nilishangaa. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kila mtu alikuwa akiniambia hakuna mashine.

"Zinasema nisitembee."

"Ziambie tunakwenda mpaka kwenye mti wa pili tu, kisha tunarudi."

Tukaenda mpaka mti wa pili. Kesho yake wa tatu. Sijui ilipita muda gani kabla sijayaona mawe ya ufukweni, lakini nakumbuka siku niliyofika, kwa sababu siku hiyo niliona njaa. Nilikuwa nimekula miezi kwa kulazimishwa, na sasa tumbo lenyewe lilikuwa linadai. Nilimwambia Dresa, "Nina njaa," akafurahi kama mtu aliyeletewa habari za mtoto kuzaliwa. Usiku wake nikalala mpaka alfajiri.

Mjini walitutania. Watoto walitufuata wakiimba, mara nyingine wakirusha vijiwe, na watu wazima waliokaa vibarazani wakacheka bila kuwakemea. "Vichaa wa Dresa hao!" walisema. Neno hilo yeye alilichukia, lakini hakugombana. Aligeuka, akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndiyo, ni wangu," na kuendelea kutuhesabu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha vitumbua kwenye njia ya juu. Mwanzoni alikuwa akifunga mlango tukipita. Baada ya miezi akawa anauacha wazi. Baadaye akaanza kututaja mmoja mmoja: "Leo yule mrefu yuko wapi? Anaumwa?" Dresa alisema mama yule alikuwa amepona kabla yetu.

Sitaki kumfanya malaika. Alikosea, na mara moja alikosea mbele ya macho yangu.

Tulikuwa na mzee mmoja mvuvi, mpole sana, ambaye kila siku alisema kuna mtu anawasha moto kifuani mwake. Tulikwisha kuzoea. Hata sisi wagonjwa tulimcheka, tukimwambia atukopeshe moto tuchome mihogo. Asubuhi moja, tukipanda mlima kurudi, akasimama. "Dresa, leo moto ni mkubwa."

"Twende, mzee," Dresa akamwambia. "Upepo wa ziwa utauzima."

Mzee akatii. Akaenda hatua chache, akakaa kando ya njia kama mtu anayetoa kijiwe kiatuni, na hakuinuka tena. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Dresa alimbeba mgongoni mlima wote mpaka hospitali, akakataa kupokewa, ingawa alijua kama tulivyojua sote kwamba mzee amekwisha kufa.

Kesho yake hatukutembea. Dresa alikaa katika chumba chake cha dawa, mlango wazi, hasomi, haandiki. Siku ya tatu akaja na daftari jipya, akaweka meza uani, akatuita mmoja mmoja. Alisikiliza vifua. Alibonyeza matumbo. Alitazama meno, macho, ulimi, akachukua mikojo, akatupima uzito kwenye mizani aliyoiazima stoo. Kazi hiyo ikawa ya kila Jumamosi hadi alipostaafu. Tulipomaliza akasimama mbele yetu, jambo ambalo hakuwa na tabia ya kulifanya.

"Mzee aliniambia ana moto," alisema. "Alikuwa nao. Kuanzia leo mtu akiniambia ana moto, kwanza nautafuta."

Na aliutafuta. Upande wa wanawake alikuwapo dada mmoja aliyelia kwamba ana nyoka tumboni. Wauguzi walikuwa wakimwigiza. Dresa akaketi naye, akamuuliza habari za nyoka yule kama anavyoulizwa mtu habari za ng'ombe wake: anauma upande gani, anauma kabla ya kula au baada ya kula, akigeuka analala wapi. Kisha akampeleka kwa daktari. Daktari, Mzungu, alisema ni maneno ya ugonjwa wake, warudi. Dresa hakurudi. Alisimama na yule dada mlangoni pa daktari mpaka saa saba mchana, kila mgonjwa anayetoka anawakuta palepale. Mwishowe daktari akamlaza mezani ili tu waondoke, akamgusa upande wa kulia, akagusa tena. Alipasuliwa siku ileile, na akatolewa uvimbe.

Dada yule alipozinduka, Dresa alikwenda kumjulia hali.

"Nyoka ametoka," akasema. "Lakini sauti bado zipo."

"Sauti hizo tutazitembeza," Dresa akamjibu. "Nyoka ndiye niliyemwogopa."

Wodi ilikuwa na vicheko pia, watu hawaamini nikisema. Kiswahili cha Dresa kilikuwa cha mtu wa visiwa vya ziwani, na herufi mbili zilimshinda kabisa, kila moja ilikaa mahali pa mwenzake. Akitafuta kalamu yake alipita wodini akiuliza, "Nani amechukua karamu yangu?" na sisi tukajibu kwa pamoja, "Tumeshaila!" Miezi ya mwanzo alikuwa akikasirika. Baadaye akawa anauliza kwa makusudi, hasa asubuhi ambazo wodi ilikuwa nzito na hakuna aliyetaka kuinuka.

Na yeye aliyetutazama meno kila Jumamosi, yake yalikuwa mabovu. Alipenda chai iliyojaa sukari, alivuta sigara mpaka kikohozi chake kikawa ndiyo kengele yetu ya kuamka, na jino likimuuma alijifunga kitambaa shavuni akasema ni upepo. Mara moja shavu lilivimba mpaka jicho likafumba. Tukakataa kutembea. Wagonjwa kumi na wanane tulikaa chini uani, tukamwambia hatuinuki mpaka aende kung'olewa. Alitubembeleza, akatukaripia, akatishia kumwita daktari. Mwisho akaenda, nasi tukamsindikiza wawili wawili mpaka mlangoni kwa mng'oa meno, tukamngoja nje. Tulimsikia akilia. Alipotoka na pamba mdomoni hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulikuwa tumewahi kulia mbele yake.

Mwenzangu wa kutembea alikuwa mkulima kutoka pande za Bujora, mtu mwenye mabega mapana ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe. Miezi mitano tulitembea bega kwa bega na sikuijua sauti yake. Dresa aliwauliza ndugu zake wakamwambia kwamba zamani alikuwa mchezaji hodari wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe wanayoicheza Wasukuma wakilima kwa pamoja. Nyuma ya wodi palikuwa na uwanja mtupu. Dresa akamwomba daktari majembe.

Daktari alidhani hakusikia vizuri. "Majembe? Kwa hawa?"

"Kwa hawa, Bwana."

"Hapana."

Dresa akaenda nyumbani kwake na kwa majirani, akarudi na majembe sita.

Asubuhi ile mhudumu alipanda juu ya mwamba akakaa huko. Sisi tulipewa majembe tukayashika kama watu wanaoshika watoto wachanga wa wengine. Mwenzangu alilipokea la kwake, akalipima uzito, akalizungusha mpini, kisha ghafla akalirusha juu, juu kabisa, likageuka hewani liking'aa. Tulitawanyika. Akalidaka bila hata kutazama. Akalirusha tena. Kisha akainama akaanza kulima, kwa mpigo, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ya chini ya wimbo wa Kisukuma. Wale waliojua Kisukuma wakaitikia. Tulijipanga nyuma yake, jembe juu, jembe chini, jasho likitutoka, na mimi ambaye sikuwahi kulima maishani nikajikuta nalia na kulima.

Kelele zikamleta daktari.

"Nani ametoa ruhusa?"

"Mimi, Bwana," Dresa alisema.

"Akimkata mtu?"

"Ndiyo maana nimesimama mimi mbele yake."

Ni kweli. Dresa alikuwa amesimama hatua tatu tu mbele ya mlimaji wa kwanza, anarudi nyuma kidogo kidogo kadiri tunavyosonga. Daktari akaja akasimama kando yake, uso mwekundu, na nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kumfukuza kazi. Mwenzangu akaendelea kulima mpaka jembe likafika karibu na viatu vya daktari. Akalisimamisha. Akainua uso.

"Sogea, Bwana," akasema kwa Kiswahili safi. "Hapa tunapanda viazi."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwetu. Daktari akatazama viatu vyake, akamtazama Dresa, akasogea. Majembe hayakurudishwa. Mwaka ule tulikula viazi vyetu, na daktari mwenyewe alikuwa akitumana apelekewe.

Kisha zikaja dawa mpya. Kabla yake kulikuwa na sindano za kulaza tu, lakini vidonge vile vilifanya kazi nyingine. Kwangu, mashine zilisogea mbali, kama kiwanda kilichohamishiwa ng'ambo ya ziwa. Nilimshukuru Mungu na ninamshukuru. Ila vidonge vilikuja na mambo yao. Mikono ilikakamaa, hatua zikawa fupi, mate yakatoka, na njaa ikawa haina mwisho. Tulinenepa. Watu waliokwisha kuacha ukuta wakaanza kuurudia, safari hii kwa hiari, wamekaa wanasinzia na midomo wazi, na wahudumu wakafurahi kwa kuwa wodi ilikuwa imetulia.

Dresa hakufurahi, na hakuzikataa dawa pia. Kulikuwa na waganga mjini waliotuambia tuzitupe, akawafukuza. Alituambia, "Kidonge kinamrudisha mtu kwake, halafu kinamkalisha kitini. Kumrudisha ni kazi ya kidonge. Kumwinua kitini ni kazi yangu." Akaongeza njia. Badala ya mara moja tukawa tunakwenda asubuhi na saa kumi. Aliandika uzito wetu, akatupunguzia ugali akatuzidishia mchicha, na mtu aliyekakamaa sana alimpeleka kwa daktari apunguziwe vidonge, na akasimama mlangoni tena.

Sisemi kutembea kuliniponya. Dresa mwenyewe hakusema hivyo. Ninachosema ni kwamba, akili yangu iliporudi, ilikuta mwili wa kukaa. Nimewaona wengine ambao akili ilirudi ikakuta nyumba imeshabomoka.

Nilitoka baada ya miezi tisa. Kiwandani hawakunitaka tena, kaka akanifundisha ubati. Nilipata chumba jirani na Dresa, na kila alfajiri kabla ya kazi nilitembea mpaka mawe ya ufukweni. Akinikuta njiani hakuniuliza hali yangu kama watu wengine walivyouliza, kwa ile sauti ya kunyemelea. Aliuliza swali moja: "Unalala?" Nikimjibu ndiyo, alipita.

Kisha nikataka kuoa. Binti alikuwa mshonaji, baba yake mfanyabiashara wa samaki wakavu, na mji mzima ulijua nilikotoka. Mzee yule alikuwa muungwana. Hakukataa. Alisema anataka kuzungumza na mtu aliyenitibu. Dresa akavaa koti lake pekee, tukaenda.

"Nataka uniambie kweli," mzee alisema. "Huyu amepona?"

"Hajambo," Dresa alijibu.

"Sikuuliza hivyo. Atarudiwa?"

Nilimtazama Dresa. Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa kinywani mwake.

"Sijui," akasema. "Anaweza kurudiwa. Sitakudanganya, mzee mwenzangu, kwa sababu binti yako ndiye atakayekuwa naye, si mimi. Ninachojua ni kwamba anameza dawa, anatembea kila siku, na akianza kukosa usingizi anasema. Akirudiwa, asifungwe. Aletwe kwangu kwa miguu yake, mapema."

Nilitamani ardhi inimeze. Tulitoka bila jibu, na njia nzima sikumsemesha Dresa. Nilimchukia kwa siku nne. Siku ya tano mzee akaniita akasema kwamba amewahi kupokea wachumba wawili kwa binti yake, wote wakaletwa na watu waliowasifu mpaka akaogopa. "Wewe umekuja na mtu asiyejua kusema uongo," akaniambia. "Nimeona nichukue hapo."

Uhuru ulitukuta tumeoana. Siku ya sherehe bwana mmoja wa kamati alikuwa amemwambia Dresa kwamba wodi ya mwisho isije uwanjani, itatia aibu mbele ya wageni. Dresa akamuuliza kama uhuru umeletwa kwa wote au umeishia kwenye lango la hospitali. Akawaleta wote, wamenyoa, wamevaa kaniki safi na mashati ya kuazima, wawili wawili. Yule mkulima wa Bujora alikuwa amekwisha kurudi kwao, lakini siku hiyo alikuja na akaingia mstarini kwa hiari. Nami nikaenda kusimama kando yake, mahali pangu pa zamani, mke wangu akiniona. Tulipita mbele ya umati mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona. Kuna waliocheka. Yule mama wa vitumbua akapiga vigelegele, akajibiwa na wengine, na kwa muda ule hakuna aliyejua vinapigwa kwa ajili ya nani hasa.

Mwaka uliofuata nilirudiwa. Siku tatu bila usingizi, nikamwambia mke wangu, naye akavaa khanga yake, akanishika mkono, tukatembea mpaka hospitali kukiwa kunapambazuka. Sikufungwa. Nilikaa wiki sita badala ya miezi tisa.

Dresa alistaafu akahamia Kiseke, nje ya mji, wakati huo mashamba matupu. Miaka ikapita, mimi nina duka langu la ubati na watoto wanne, na kila nikipanga kwenda kumwona linatokea jambo. Mwishowe nikaenda. Nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi, amekonda, magoti yamevimba, fimbo imeegemezwa kando.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unalala?"

"Nalala."

"Basi kaa."

Tulizungumza sana. Nikamweleza nilichokuwa nimekuja kukisema, kwamba watoto wangu wote wanamjua kwa sifa zake, kwamba nimewaambia jinsi siku ile ya kamba alivyoniona, akatambua kwamba mimi ni mtu wa kupona wakati ndugu zangu mwenyewe walikuwa wamekata tamaa.

Aliacha kupukuchua.

"Sikukuona," akasema.

"Vipi, Mzee?"

"Wiki ile ya kwanza niliandika majina matatu ya kupelekwa kwa gari la moshi kwenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, wale ambao niliona hapa hatutawaweza. Jina lako lilikuwamo. Daktari akaniambia nafasi ziko mbili, abaki mmoja. Nikamwambia yeyote. Akafuta la chini, na la chini lilikuwa lako." Akanitazama. "Nilidhani hutapona. Wewe ulikuwa mbaya kuliko wote watatu. Usiwaambie watoto uongo."

Nikamuuliza habari za wale wawili. Aliwataja majina yao kamili, na baba zao, na vijiji vyao. Mmoja alirudi baada ya miaka mingi, akafia kwao. Habari za wa pili, Dresa aliandika barua mara nyingi kuziulizia na hakupata majibu. Alisema yote hayo polepole, bila kujitetea.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejivunia kwamba kulikuwa na kitu ndani yangu ambacho mtu huyu alikiona. Hakukuwa na kitu. Alinipeleka mti wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, asubuhi baada ya asubuhi, akiamini kabisa kwamba hanifikishi popote. Alinikata kucha na kusikiliza kifua changu kwa ajili ya mtu ambaye hakutarajia lolote kwake. Nilikuwa nimekuja kutoa shukrani za kiasi fulani, na sasa hazikutosha.

"Mzee," nikasema, "nitawaambia hivyohivyo ulivyosema. Na bado ni asante."

Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, akasema vumbi la mahindi. Kisha akachukua fimbo akataka kunisindikiza mpaka barabarani, na hakukubali kukatazwa. Tulikwenda polepole sana, tukisimama kila magoti yalipodai, nami nimemshika kiwiko. Tulipofika, basi la mjini likatokea, likapunguza mwendo, utingo akaniita. Nikampungia mkono apite.

Dresa alilitazama linavyopotea na vumbi lake.

"Umeliacha?"

"Nimeliacha."

"La pili ni jioni."

"Najua."

Akageuza fimbo yake upande wa nyumbani. "Twende, basi," akasema. "Kuna viazi jikoni."